Nani anasema "hapana" ndani ya Metallica? Jibu kwa msomaji

Msomaji mmoja ameniandikia hivi kuhusu Metallica, bendi ya muziki wa metali nzito kutoka Marekani: "Mimi na wenzangu tumeipenda Metallica tangu ujana wetu, lakini siku hizi hatuwezi kuizungumzia bila kugombana. Upande mmoja unasema bendi ilikufa mwaka 1991 ilipotoa ile albamu nyeusi, na yote yaliyofuata ni biashara. Upande wa pili unasema anayelalamikia mabadiliko hajui muziki. Mimi niko katikati. Za zamani nazipenda, za katikati nimezivumilia, lakini hii albamu ya 72 Seasons inanichosha kabla haijafika nusu na siwezi kueleza kwa nini. Je, bendi imepotea njia, au masikio yetu ndiyo yaliyokwama?"

Ndugu msomaji,

Nianze na uchovu wako, kwa kuwa ni ushahidi wa kuaminika kuliko hoja zote za wenzako. Sikio lililoishi na bendi kwa miaka mingi ni nadra kukosea kuhusu kile linachokihisi. Hukosea linapotafuta sababu, na hapo ndipo mabishano yenu yanapozaliwa. Mmoja anahisi kitu kimepungua, anakiita usaliti. Mwenzake anaposikia neno usaliti anaona bendi imeonewa, basi anakimbilia kutetea kila kitu, kizuri na kibovu. Mimi nimekaa miaka mingi mbele ya mashine ya kuchanganyia sauti, na nimeacha kuuliza bendi kongwe inaelekea wapi. Ninauliza: siku wimbo huu uliporekodiwa, nani mle chumbani alikuwa na uwezo wa kusema "hapana", na je, alisikilizwa? Ukiipitia Metallica kwa swali hilo, mengi mnayobishania yanajipanga yenyewe.

Hoja ya mwaka 1991 tuimalize mapema. Lawama kwamba Metallica wamejiuza ni kongwe kuliko albamu nyeusi, yaani albamu yao ya tano, iliyoitwa Metallica tu. Ilisikika tangu mwaka 1984, walipothubutu kuanza wimbo wa Fade to Black kwa gitaa la akustika, jambo ambalo baadhi ya mashabiki wa kasi na ukali waliliona ni ulegevu. Ikasikika tena mwaka 1989 walipotoa video yao ya kwanza, ya wimbo wa One, baada ya miaka ya kujulikana kama bendi isiyojishughulisha na video. Leo nyimbo hizo mbili ndizo ambazo mashabiki wenye msimamo mkali huzitaja kama mfano wa enzi safi. Kwa hiyo anayekwambia kuwa bendi ilikufa katika mwaka fulani, mara nyingi anakueleza mwaka ambao yeye mwenyewe aliacha kuisikiliza kwa makini.

Hata hivyo, wenzako wa upande huo wanakumbuka kitu cha kweli, na nisingependa kukipuuza. Albamu tatu za mwanzo zina mbano ambao haujarudi tena kwa namna ileile. Ride the Lightning ya mwaka 1984 ina nyimbo 8 na dakika 47 tu. Master of Puppets ya mwaka 1986 ina nyimbo 8 pia na dakika kama 55. Vijana wale walikuwa na kiu ya kupiga haraka kuliko kila mtu, lakini walizungukwa na "hapana" za kila aina. Fedha zilikuwa chache na muda wa studio ulihesabiwa. Santuri yenyewe ilikuwa mwamuzi mkali, kwa sababu upande mmoja wa santuri hubeba vizuri dakika 20 na ushee, na ukizidisha sana, mifereji inabanana na sauti inapoteza nguvu. Ndani ya bendi kulikuwa na Cliff Burton, mpiga besi aliyekuwa amesoma nadharia ya muziki, ambaye sikio lake la ulinganifu wa sauti liliwavuta wenzake mbali na ukali mtupu.

Usikilize tena wimbo uliobeba jina la Master of Puppets, dakika 8 na nusu. Gitaa la James Hetfield, mwimbaji wa bendi, linashambulia kwa mkono wa kulia unaopiga nyuzi kwa kushuka tu, bila kupanda, kazi inayochoma misuli ya mkono kabla hata ubeti wa kwanza haujaisha. Kisha, katikati, kila kitu kinasimama. Gitaa safi linaingia taratibu, magitaa mawili yanaimba pamoja kama sauti za kwaya, na msikilizaji anapumzishwa hasa pale alipohitaji kupumzika, ili ukali utakaporudi umpate akiwa na nguvu za kuupokea. Wimbo huo ni mrefu, lakini hauna kipande ambacho ungekikata bila jeraha. Burton alifariki tarehe 27 Septemba 1986 katika ajali ya basi la bendi huko Sweden, na pamoja naye ikaondoka mojawapo ya "hapana" muhimu zaidi.

Matokeo yake yalisikika miaka miwili tu baadaye. ...And Justice for All ya mwaka 1988 ina nyimbo 9 na dakika 65, na besi ya Jason Newsted, aliyechukua nafasi ya marehemu, karibu haisikiki kabisa. Ninaiheshimu albamu hiyo kwa utunzi wake, lakini mchanganyo wake unanisikitisha hadi leo. Nawaomba wenzako wa "kabla ya 1991" wakumbuke kwamba kosa kubwa kama hilo la usikivu limo ndani ya enzi wanayoiita safi.

Sasa tuje kwenye albamu nyeusi yenyewe, iliyotoka Agosti 1991, kwa sababu ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Mashabiki huizungumzia kama mlango ambao bendi iliupitia kwenda kwenye utajiri, na kweli imeuza zaidi ya nakala milioni 16 Marekani pekee. Lakini ukiingia chumbani walimorekodia, unakuta ugomvi. Walimleta mtayarishaji Bob Rock, naye akakataa kuwa mtu wa kubonyeza vitufe. Aliwataka wapige pamoja chumba kimoja, badala ya kila mtu kurekodi peke yake kama walivyozoea. Aliwaambia kuwa nyimbo zao zote zimekaa kwenye ufunguo mmoja wa E, kwa kuwa huo ndio uzi mzito zaidi wa gitaa, na hapo wakaufikisha wimbo wa Sad but True chini zaidi, kwenye D, na uzito wake ukaongezeka. Hetfield alipoleta maneno ya Enter Sandman yaliyohusu kifo cha ghafla cha mtoto mchanga kitandani, Rock na mpiga ngoma Lars Ulrich walimwambia arudi akaandike vizuri zaidi. Kwa mtu aliyekuwa amezoea kuwa na neno la mwisho juu ya mashairi yake, hilo lilikuwa kofi. Alirudi, akaandika, na tunajua kilichotokea.

Mfano mwingine wa albamu hiyohiyo unaonyesha kwamba "hapana" haitoki upande mmoja tu. Nothing Else Matters ilizaliwa Hetfield akiwa ameshika simu kwa mkono mmoja akizungumza na mpenzi wake, mkono mwingine ukipapasa gitaa. Jaribu mwenyewe ukipata gitaa: noti nne za mwanzo hupigwa kwa nyuzi zilizo wazi, bila kidole hata kimoja cha mkono wa kushoto, kwa sababu mkono wa kushoto ulikuwa na simu. Mwenyewe aliona wimbo huo ni wa faragha mno, haufai kuwa wa Metallica, na ni wenzake waliomshinda. Ninapomsikia mtu akisema kuwa wimbo huo ulipangwa ili kuwafurahisha wanunuzi, namkumbuka mtu aliyeshika simu na ambaye hakutaka hata usikike.

Miaka ya katikati ya 1990 nitaipitia haraka. Nywele zilizokatwa na picha za albamu ya Load zilizua kelele nyingi kuliko muziki wenyewe, na sioni haja ya kurudia kelele hizo. Mambo mawili tu yanahusu swali lako. La kwanza ni koo. Wakati wa kurekodi albamu nyeusi Hetfield aliiumiza sauti yake akalazimika kwenda kwa mwalimu wa sauti, na tangu hapo uimbaji wake ulibadilika kwa sababu za kimwili. Mnachokiita "mwelekeo mpya" kwa sehemu ni mtu aliyejifunza kulinda koo lake ili aweze kuimba miaka mingi zaidi. La pili ni muda. Load, ya Juni 1996, ilijaza CD hadi ukingoni, karibu dakika 79, kiasi kwamba wimbo wa mwisho, The Outlaw Torn, ulipunguzwa kama dakika moja kwa sababu diski ilikuwa haichukui zaidi. Hapo aliyesema "hapana" alikuwa plastiki, na aliisema kwenye dakika ya 79. Nyimbo 14, na hakuna mtu aliyesema kwamba 9 zingetosha! Tangu Load, kila albamu ya nyimbo zao wenyewe imezidi dakika 74.

St. Anger ya mwaka 2003 nitaikalia kidogo, kwa sababu ndiyo inayotumiwa na pande zote mbili kama rungu. Newsted alikuwa ameondoka Januari 2001, Hetfield akaingia kwenye matibabu ya ulevi, na bendi ilikuwa na mtaalamu wa kuwasaidia kuongea wao kwa wao. Katika hali hiyo ilikuwa vigumu kwa yeyote kumwambia mwenzake "hiki kipande hakifai". Hata mashairi waliandika kwa pamoja. Bob Rock, ambaye miaka kumi na miwili nyuma alikuwa mkali wa chumba, sasa alikuwa akiwapigia besi, yaani amekuwa mmoja wao. Nyimbo ziliunganishwa kwa kompyuta kutoka vipande vya mazoezi, solo, yaani vipande ambavyo gitaa huimba peke yake mbele ya wengine, zikaondolewa zote.

Halafu kuna ile ngoma. Snea, ngoma ndogo inayolia kwenye pigo la pili na la nne, ina nyaya nyembamba za chuma zilizolazwa chini ya ngozi yake ya chini. Kuna kishikio ubavuni. Ukikifunga, nyaya zinagusa ngozi na ngoma inatoa ule mlio mkavu wa "chaa". Ukikifungua, nyaya zinaachia, na kinachobaki ni mlio wa debe tupu linalogongwa. Ulrich siku moja alipiga bila kukifunga, akaupenda mlio ule, na ukabaki kwa albamu nzima. Mimi siuchukii kama wazo. Katika wimbo mmoja, pale ambapo hasira inahitaji kusikika kama imefungiwa ndani ya banda la mabati, ungekuwa uamuzi wa kijasiri. Lakini dakika 75 za mlio huohuo, bila solo moja ya kumpumzisha msikilizaji, ni uamuzi ambao haukupata mtu wa kuuwekea mpaka. Wimbo wenye jina la albamu ulishinda tuzo ya Grammy, na mashabiki wengi wakaikataa albamu. Yote mawili yalitokea, na hakuna kati yake linalonieleza kama albamu ni nzuri. Ninachokisikia mimi ni kwamba ujasiri ulikuwepo, mkasi haukuwepo.

Upande wa pili wa kundi lenu, wale wanaosema mlalamikaji hajui muziki, naomba wasikilize kisa cha Death Magnetic cha mwaka 2008. Mtayarishaji Rick Rubin aliwahimiza wajiweke katika fikra za katikati ya miaka ya 1980, na kwa utunzi matokeo yalikuwa mazuri: solo zilirudi, rifu, yaani vifungu vya gitaa vinavyorudiwarudiwa na kubeba wimbo, zikapata meno. Lakini sauti ya kidijitali ina dari. Ukiisukuma juu kupita dari hilo, wimbi ambalo lilikuwa na kilele cha mviringo linakatwa kichwa na kuwa bapa, na kila bapa linasikika kama mkwaruzo, hasa kila mguu unapoipiga ngoma kubwa. Albamu ile ilisukumwa hivyo kwa makusudi ili isikike kubwa. Mashabiki ndio waliogundua kwamba nyimbo zilezile zilizowekwa ndani ya mchezo wa video wa Guitar Hero zilikuwa hazijabanwa kiasi kile. Wakaweka michoro ya mawimbi sambamba, moja ina vilele, nyingine ni kama tofali. Fundi aliyefanya hatua ya mwisho ya kuiandaa albamu alisema kwamba nyimbo zilimfikia zikiwa tayari zimebanwa. Maelfu ya watu walitia saini kuomba ichanganywe upya. Walikuwa sahihi, na walikuwa sahihi kwa namna inayoweza kupimwa. Hawakuwa wanapinga mabadiliko, maana utunzi ulikuwa umerudi nyuma kama walivyotamani. Walisema "hapana" mahali ambapo chumbani haikusemwa.

Niseme kidogo kuhusu bendi nyingine, kwa sababu inasaidia kuona kwamba hili si tatizo la Metallica peke yake. U2 walipokwama katika kutengeneza albamu ya Achtung Baby, kazi iliyoanzia Berlin mwaka 1990, mtayarishaji Brian Eno alikuwa akija kwa vipindi, na kazi yake kubwa, kama alivyoieleza mwenyewe, ilikuwa kufuta chochote kilichosikika kama U2 mno. Bendi iliyokwisha kupata kila kitu ilimkaribisha mtu wa kuifutia kazi yake yenyewe. Kwa upande mwingine bendi ya AC/DC hawajabadilisha mwelekeo tangu miaka ya 1970, na hakuna anayewadai wabadilike, kwa sababu hawakuwahi kuahidi jambo hilo. Metallica waliahidi. Safari kati ya albamu yao ya pili na ya tano inaonyesha bendi isiyokubali kusimama mahali pamoja, na ndiyo maana mashabiki wao wanabishana kuliko wengine: kila mmoja ameahidiwa Metallica tofauti.

Sasa 72 Seasons, iliyotoka Aprili 2023. Jina linahusu misimu 72, yaani miaka 18 ya mwanzo ya maisha ya mtu, na Hetfield aliyaandika mashairi hayo akikaribia miaka 60. Kwa maoni yangu ni baadhi ya mashairi yake ya kweli zaidi. Hajifichi nyuma ya vita wala majini, anazungumzia aibu na giza lake mwenyewe. Waimbaji na wapigaji wako katika hali nzuri, na mchanganyo uko wazi, besi ya Robert Trujillo unaisikia bila kuitafuta. Kwa hiyo, kama ni njia, hawajaipoteza. Albamu ina nyimbo 12 na dakika 77, na watayarishaji wake ni Greg Fidelman pamoja na Hetfield na Ulrich wenyewe, maana yake wawili kati ya watatu wenye kauli ya mwisho ndio walewale waliotunga.

Uchovu wako unaanzia hapo, na nitakuonyesha mahali pa kuusikia. Chukua Lux Æterna, ambayo haifiki dakika 3 na nusu: rifu inaingia, inasema neno lake, solo inapita kama moto wa nyasi, wimbo unaisha ukiwa bado unautaka. Kisha chukua wimbo wa kwanza, wenye jina la albamu, unaozidi dakika 7. Hesabu ni mara ngapi rifu ileile inarudi ikiwa na mavazi yaleyale, mwendo uleule, nguvu ileile. Hakuna rifu mbaya hata moja mle ndani. Kinachokosekana ni yale mapumziko ya Master of Puppets, ile hewa katikati inayomrudishia msikilizaji njaa yake. Nyimbo kadhaa za albamu zinafanya hivyohivyo mfululizo, na sikio, kama tumbo, hushiba kabla sahani haijaisha. Usidhani ni urefu peke yake, kwani wimbo wa mwisho, Inamorata, unazidi dakika 11 na mimi siuchoki. Katikati yake kila kitu kinashuka, besi inabaki karibu peke yake, gitaa linaingia kwa hatua ndogondogo, na unapoinuka tena unajua kwa nini ulishuka. Wanaweza bado. Walihitaji mtu wa kuwakumbusha kufanya hivyo mara nyingi zaidi.

Umeuliza kama masikio yenu yamekwama. Yapo yaliyokwama, na dalili yake ni moja: shabiki anayeomba "warudi kama zamani" lakini hawezi kukutajia kipande, pigo au sauti anayoikosa, huyo anaukosa ujana wake, na hakuna bendi itakayomrudishia. Wewe umeniambia kwamba unachoka kabla ya nusu. Hilo ni jambo mahususi, nami nalisikia pia.

Fanya jaribio ambalo nimelifanya mwenyewe, na uwaalike wenzako wa pande zote mbili. Tengenezeni 72 Seasons yenu isiyozidi muda wa Ride the Lightning, yaani dakika 47, kila mmoja akitetea nyimbo anazozibakiza na kueleza anazozikata. Yangu inaanza na Lux Æterna, inafuata Shadows Follow, Screaming Suicide, You Must Burn!, Too Far Gone?, Room of Mirrors, na inafungwa na Inamorata. Ni nyimbo 7 na dakika kama 43, na nimeisikiliza hivyo mara nyingi, mwanzo hadi mwisho, bila kutamani kuizima.